Kasino ya Ng'ambo ya Mto

Ashikaye njia ya pwani kutoka Durban kwenda kusini huufikia mto Umtamvuna, na akisha kuuvuka hulakiwa na hoteli ya Wild Coast Sun pamoja na ukumbi wake wa kamari. Katika zama za ubaguzi wa rangi, maji hayo ndiyo yaliyotenga haramu na halali: kaskazini ilikuwa Natal, ambako sheria ya Afrika Kusini ilikataza kamari, na kusini Transkei, iliyotangazwa dola huru mwaka 1976 na isitambuliwe na serikali yoyote ila ile iliyoizaa.

Sol Kerzner, mjenzi wa kasino hiyo, alizaliwa Johannesburg mwaka 1935, akasomea uhasibu, kisha akaingia katika biashara ya hoteli. Lakini kipawa chake kikubwa, kwa rai yangu, kilikuwa kuisoma ramani. Mjenzi wa kasino katika majimbo kama Transkei hutazama kwanza masafa, ili mteja aweze kutoka nyumbani Ijumaa jioni na kuwasili usiku uleule, tena asiwe na ukumbi mwingine ulio karibu zaidi. Sun City, iliyofunguliwa mwaka 1979 katika Bophuthatswana, jimbo la Watswana lililotangazwa huru vivyo hivyo, yapata mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Johannesburg, ilitimiza masharti hayo yote mawili.

Faida hiyo, ole wetu, ilisimama juu ya dhuluma, kwani mpaka uleule uliohalalisha kamari ndio uliowavua Watswana uraia wa nchi waliyozaliwa. Na upweke wa soko ulikuwa na bei yake: Kerzner alikiri kumlipa George Matanzima, Waziri Mkuu wa Transkei, randi milioni 2, akidai kwamba alishurutishwa.

Mipaka hiyo ilipofutwa mwaka 1994, na sheria ya mwaka 1996 ikaruhusu kasino hadi 40 nchini kote, yeye alikwisha kuelekea ughaibuni. Huko Connecticut, Marekani, alishiriki kuijenga Mohegan Sun, iliyofunguliwa mwaka 1996 katika ardhi ya kabila la Wamohegan: hapa napo palikuwa na mpaka ndani ya nchi, ila safari hii wenye ardhi ndio waliokuwa wenye kasino, na mwaka 2000 wakatwaa uendeshaji wake, wakiwalipa wajenzi asilimia 5 ya mapato kwa muda wa miaka 15.