Mtoto Hatoi Kohozi, Lakini Huenda Ana Kifua Kikuu

Katika zahanati moja ya huku Machakos, mama mmoja aliketi kwenye benchi akimpakata mwanawe wa miaka mitatu. Mhudumu alimpa mtoto kikopo, akamwambia, "Toa kohozi." Mtoto akatema mate. Akaambiwa tena, akatema mate. Hatimaye mama alipewa dawa ya kikohozi na kuruhusiwa aende zake. Nilikuwa karibu naye katika foleni hiyo, nami, mtu nijipatiaye riziki kwa kuchambua maneno, nilijiuliza ni mtoto gani wa umri huo ajuaye tofauti baina ya mate na kohozi.

Wala hili si suala la msamiati tu. Mtoto mchanga hulimeza kohozi lake. Hata linapopatikana, aghalabu bakteria walio ndani yake ni wachache mno hata darubini isiwaone. Robert Koch alitangaza ugunduzi wa viini hivyo mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na tangu hapo tumezoea kusadiki kwamba asiyeonekana na kiini hana ugonjwa. Kwa mtoto, imani hiyo yaweza kuua.

Kwa miaka mingi njia iliyokuwapo ilikuwa kumpitisha mtoto mpira mwembamba puani hadi tumboni, alfajiri kabla hajala, ili kufyonza kohozi alilolimeza usiku. Aliyewahi kushuhudia shughuli hiyo hasahau kile kilio. Lakini kilichomezwa si lazima kifuatwe tumboni, hutoka chenyewe. Tangu mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani limependekeza kinyesi cha mtoto kipimwe kwa mashine ya GeneXpert, ile ile ipimayo kohozi na kutoa majibu kwa muda wa saa mbili hivi. Kikopo ni kile kile; agizo tu ndilo libadilike, na hili kila mama analielewa.

Hata hivyo, kipimo kisichoonyesha kitu hakimaanishi kwamba mtoto ni mzima. Ndiyo maana mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2022 unamruhusu mganga kuamua kuanza tiba kwa kuzingatia dalili na historia, hata pasipokuwa na picha ya eksirei. Je, mtoto amekohoa zaidi ya majuma mawili? Uzito katika kadi ya kliniki umekwama? Ameacha kucheza? Swali hili la mwisho, mwalimu wa chekechea aweza kulijibu mapema kuliko daktari.

Dawa nazo si kisingizio. Mwaka 2016 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kusambaza kote nchini vidonge vya watoto vyenye ladha ya matunda, viyeyukavyo majini. Kabla ya hapo wazazi walikuwa wakivunjavunja vidonge vichungu vya watu wazima, wakikisia kipimo. Yafaa nini basi kuwa na dawa tamu kabatini iwapo mgonjwa amerudishwa kwao kwa kosa la kutema mate?

Nilimfuata mama yule langoni, nikamwuliza kama nyumbani kwao kuna mtu mzima akohoaye. Alinijibu kwamba babu yake mtoto, ambaye hulala naye chumba kimoja, yumo katika mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Tukarudi ndani pamoja.