Baki Nayo Ina Nauli

Shule ina wanafunzi 374 wanaokwenda Bagamoyo kutazama magofu ya Kaole. Kila Coaster iliyokodiwa ina viti 26 vya watoto. Magari mangapi yaitwe?

Tugawe. Mamia 3 hayatoshi kwa 26, kwa hiyo tunachukua makumi 37. Humo 26 inaingia mara 1, yanabaki makumi 11. Tunashusha 4 tupate 114. 26 inaingia mara 4, inabaki 10. Jibu: 14, baki 10.

Ile 1 iliyoandikwa kwanza ni magari kumi. Tumekwisha kupakia watoto 260 kwa mkupuo, na 114 bado wamesimama kwenye mstari. Huo ndio ufundi wa njia ndefu ya kugawanya: unahudumia fungu kubwa kwanza, kisha unashuka kwa waliosalia. Unawezekana kwa sababu tarakimu zetu hubadili thamani kwa nafasi zilipokaa. Mfumo huo ulizaliwa India, na katika karne ya 9 mwanahisabati al-Khwarizmi wa Baghdad akaandika kitabu cha kuufundisha. Jaribu kugawa CCCLXXIV kwa XXVI, utaona Warumi walivyopata taabu.

Lakini kazi haijaisha. Ile baki ya 10 ni watoto kumi, na hakuna mwalimu atakayewaacha getini. Yanaitwa magari 15.

Geuza swali. Kamati ina shilingi 100,000 za kuwasaidia wasiojiweza, na nauli ni 8,500 kwa kila mtoto. Jibu ni 11, baki 6,500. Hapa hatuongezi: wanalipiwa watoto 11, na hizo 6,500 hazimtoshi wa kumi na mbili mpaka apatikane wa kujazia 2,000.

Penye saa ndipo wengi hujikwaa. Dar es Salaam hadi Morogoro kwa barabara ni kama kilomita 190. Basi likienda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, tunapata 3, baki 40. Saa 3 na dakika 40? Hapana. Hizo 40 ni kilomita ambazo bado hazijasafiriwa. Saa moja ina dakika 60, kwa hiyo tunazidisha 40 kwa 60, tunapata 2,400. Tukigawa kwa 50 zinatoka dakika 48. Safari ni saa 3 na dakika 48. Kikokotoo kitakuandikia 3.8, na ukisoma hiyo kama saa 3 na dakika 8, anayekusubiri stendi atakaa dakika 40 bure. Kikokotoo kinahesabu kwa kumi, ilhali saa tunaigawa kwa sitini, urithi wa Wababeli wa kale.

Kwa hiyo hesabu ni ileile, ila baki huamuliwa na safari: watoto waliobaki wanaongezewa gari, fedha iliyobaki inasubiri, kilomita zilizobaki zinageuzwa dakika. Mzazi, mwanao akikuletea daftari lenye jibu "14, baki 10", usiishie kumpa hongera. Muulize: kumi nini? Akikujibu, ameelewa kugawanya.