Sarafu za bibi: tusizisugue, tusiziuze kwa haraka

Juma hili tunaacha kidogo habari za mihogo na za chanjo ya watoto. Tunataka kuongea juu ya kitu kidogo kinacholala katika masanduku ya wengi wetu: sarafu za zamani.

Jambo lilianza siku ya mkutano wa akiba. Tulipomaliza kuhesabu na kufunga sanduku letu kwa kufuli zake tatu, mama mmoja wa kikundi akabaki nyuma. Alifungua fundo la kitenge, akatoa kopo la zamani la majani ya chai. Ndani mlikuwa na sarafu tisa alizoachiwa na bibi mzaa mama yake. Akatueleza kwamba kijana mmoja anazunguka na pikipiki vijijini akinunua sarafu za kale, naye alimtajia franga 10.000 kwa kopo lote. Binti yake yuko mwaka wa sita wa sekondari, na pesa za egzameni ya Etat zilikuwa hazijatimia. Akauliza, "Walimu, nimpe au nimkatalie?"

Tulitaka kwanza kusoma miaka iliyoandikwa. Sarafu kubwa kuliko zote ilikuwa nyeusi kama sufuria ya maharagwe. Basi sisi tunaojiita walimu tukachukua majivu na limau, tukaisugua mpaka ikang'aa. Tembo akatokea, na mwaka 1944 ukaonekana. Tukafurahi. Siku chache baadaye, tulipofika Baraka penye mtandao mzuri, tukatafuta habari zake katika simu. Hapo furaha ikatutoka. Tunaandika haya ili kosa letu liwe somo kwa wengine.

Tulichokikuta ni hiki. Marekani kuna makampuni ambayo kazi yao ni kuzipa sarafu maksi, kama sisi tunavyowapa watoto. Mawili yanajulikana zaidi: PCGS, iliyoanza kazi mwaka 1986, na NGC, iliyoanzishwa mwaka 1987. Unawatumia sarafu yako, wataalamu zaidi ya mmoja wanaiangalia, kwanza kama ni ya kweli, kisha hali yake. Wanaipa namba kati ya 1 na 70. Kipimo hicho kinatoka kwa Mmarekani aliyeitwa William Sheldon, aliyekitangaza mwaka 1949. Namba 1 ni sarafu iliyolika mpaka inatambulika kwa shida. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haikupita mikononi mwa watu sokoni. Namba 70 ni ile isiyo na dosari yoyote. Wakimaliza, wanaifungia ndani ya kisanduku kidogo cha plastiki ngumu, chenye kikaratasi cha maksi na namba ya kuitambulisha.

Kisha kuna mashindano. Makampuni hayo mawili yana madaftari makubwa katika intaneti, ambamo wakusanyaji wa nchi nyingi wanaandikisha sarafu zao. Tuseme mtu anakusanya sarafu za aina moja, za kila mwaka zilipotolewa. Anaandika namba ya kila kisanduku, na kampuni inahakikisha katika rekodi zake kwamba sarafu hiyo ipo na ina maksi hizo. Kila sarafu inaleta pointi kulingana na maksi zake na uhaba wake. Pointi zinajumlishwa, mkusanyo unapewa nafasi: wa kwanza, wa pili, wa kumi na nane. Kila mwaka mikusanyo bora inapewa tuzo. Wanaoshindana wengi wao hawajaonana uso kwa uso, lakini kila mmoja anajua mwenzake ana nini na amepungukiwa na nini.

Mwalimu yeyote atacheka hapa, kwa maana ni kama siku ya kutoa bulletini. Mtoto wa asilimia 81 na mwenzake wa asilimia 80, ni nani atawatofautisha uwanjani? Lakini mmoja ni wa kwanza na mwingine ni wa pili, na mzazi wa huyo wa pili halali usiku. Kwa sarafu ni vilevile. Kati ya namba 65 na 66, jicho la mtu wa kawaida halioni kitu. Lakini makampuni yanatangaza pia idadi ya sarafu zilizokwisha kupewa kila namba. Ikiwa za 65 ni nyingi na ya 66 ni moja au mbili tu, anayetaka nafasi ya kwanza atalipa mara mbili au hata zaidi ili aipate. Analipa ile namba, maana sarafu zenyewe zinafanana.

Mfano mzuri uko ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 1916, wakati wa vita vikuu vya kwanza, Wajerumani wa Tanganyika walikuwa wamezingirwa, na pesa kutoka kwao hazikuweza kuwafikia. Wakatengeneza sarafu wenyewe katika karakana ya reli huko Tabora. Walitumia shaba kwa sarafu za heller, na dhahabu ya mgodi wa Sekenke kwa sarafu ya rupia 15, yenye picha ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zile za dhahabu zilikuwa 16.198 tu. Tarehe 19 Septemba 1916, askari wa Force Publique kutoka Kongo wakaingia Tabora. Wazee wetu wanaokumbuka habari za wapagazi wa vita ile wanajua gharama yake. Leo tembo yule wa Tabora anatafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima, na aliyetunzwa vizuri ana bei ambayo sisi hapa tungeiita ya nyumba.

Sasa turudi kwenye kopo letu. Tuliziangalia zile sarafu moja moja.

Mbili zilikuwa za shaba, zenye tundu katikati na nyota, za mwaka 1888. Hizo ni za wakati wa mfalme Leopold wa Pili, nchi ilipoitwa Dola Huru la Kongo. Tano zilikuwa za rangi ya njano, zenye pembe sita na tembo, franga 2 za mwaka 1943. Wakati huo Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, hivyo sarafu za Kongo zikatengenezwa Philadelphia, Marekani. Zilitolewa milioni 25, kwa hiyo bado ni nyingi na haziwezi kumtajirisha mtu. Moja ilikuwa nyepesi, ya aluminiamu, yenye uso wa simba: franga 10 za mwaka 1965. Ya mwisho ndiyo ile tuliyoisugua: franga 50 za mwaka 1944, zilizotengenezwa Pretoria, Afrika Kusini. Hiyo ina madini ya fedha ndani yake. Tulipopiga hesabu, tukaona kwamba madini hayo peke yake yanazidi zile franga 10.000 za kijana wa pikipiki.

Na sasa kosa letu. Ule weusi ni ngozi ambayo fedha inajitengenezea kwa miaka mingi. Mkusanyaji anaupenda, kwa sababu unaonyesha kwamba sarafu haikuguswa. Majivu yanachora mikwaruzo midogo sana ambayo mtaalamu anaiona mara moja. Sarafu iliyosuguliwa ikifika kwa makampuni yale, wanaweza kukubali kwamba ni ya kweli, lakini wanaandika kwamba imesafishwa na wanainyima namba. Isiyo na namba haiwezi kushindana na wenzake. Yule mama alipotusikia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Bibi aliitunza nyeusi miaka yote hiyo, na sisi tumeiharibu kwa limau moja." Tukamwomba msamaha mbele ya kikundi.

Hatutaki mtu aelewe vibaya. Hatusemi kwamba kila sarafu ya zamani ni mali. Kupeleka sarafu moja kupewa maksi kunagharimu makumi ya dola, pamoja na kuisafirisha mpaka ng'ambo. Kwa sarafu ya kawaida, gharama inapita bei yake. Hivyo mtu akija kukuambia, "Mama, sarafu yako ina thamani ya mamilioni, nipe kwanza dola 20 za kuiandikisha," mjue anatafuta zile dola 20. Na anayekuambia, "Hiki ni chuma tu, nipe nikuondolee," naye muulize kwa nini amepanda mlima kufuata chuma. Ndugu zetu wanaochimba dhahabu kule Misisi wanajua vizuri: asiyeijua mizani anauza kwa bei ya mwenye mizani.

Tunaelewa pia kwa nini tulizidharau sarafu hizi. Pesa zimetufia mikononi mara nyingi. Mwaka 1967 franga 1.000 zikawa zaire moja. Mwaka 1993 zaire milioni tatu zikawa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100.000 zikawa franga moja. Mama zetu walibaki na mabunda yasiyonunua hata chumvi. Ndiyo maana sarafu zikawa vitu vya kuchezea watoto.

Basi tunawaomba haya. Ukikuta sarafu ya zamani, usiisugue wala kuitia limau, sabuni au mchanga. Ishike kwa kingo zake. Ifunge peke yake katika karatasi kavu au kitambaa safi, isigongane na nyingine. Piga picha pande zote mbili. Kabla ya kuuza, uliza watu wawili au watatu, na usikubali bei siku ileile. Haraka haraka haina baraka, hata kama Baraka yenyewe iko karibu.

Yule mama hakuuza. Kikundi kilimkopesha pesa za egzameni kutoka mfuko wa msaada, naye anarudisha kidogo kidogo. Kijana wa pikipiki aliporudi na kupandisha bei hadi franga 25.000, alijibiwa kwamba kopo haliuzwi kwa sasa.

Tukafanya na jambo moja la ziada. Tulinunua daftari la kurasa 100, tukaanza kuandikisha. Kila mama mwenye sarafu ya kale anakuja, tunaandika mwaka wake, picha iliyo juu yake na hali yake. Lakini tumeongeza mstari ambao madaftari ya mashindano hayauhitaji: ilitoka kwa nani. Kwa ile franga 50 tuliandika kwamba bibi aliipewa na baba yake siku alipoolewa, baada ya kuuza mafuta ya mawese pwani ya ziwa, na kwamba hakuitumia hata mwaka wa njaa. Tukaandika pia kwamba ilisuguliwa na walimu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu liko kwa katibu wa kikundi. Leteni makopo yenu, lakini majivu acheni jikoni.