Presha na Kijiko cha Chumvi

Mtaani presha ina wasababishaji wake: mkwe, mwenye nyumba, mtoto aliyefeli mtihani. Mtu akianguka, swali la kwanza ni nani kamuudhi. Chumvi haitajwi, labda kwa kuwa haigombani na mtu.

Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu wenyeji wa Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya. Alikuwa amewapima mamia ya wanaume, akakuta presha yao haipandi uzeeni kama ya Wazungu. Miongo sita baadaye, mwaka 1990, Neil Poulter na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliowafuata Waluo waliotoka vijijini kwenda kuishi Nairobi. Presha ya wahamiaji hao ilianza kupanda miezi michache tu baada ya kufika mjini. Mkojo wao ulitoa sehemu ya maelezo: sodiamu ilikuwa juu, potasiamu chini. Yaani chumvi imezidi, na vyakula vya shambani vimepungua. Mapigo ya moyo nayo yalikwenda kasi zaidi, kwa hivyo mwenye nyumba hatujamwachia huru.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Kijiko hicho huisha mapema. Kuna chumvi ndani ya mkate wa asubuhi, kwenye kidonge cha mchuzi, kwenye chipsi, kisha kile kichupa cha mezani ambacho watu hukitikisa kabla hata ya kuonja. Kukiondoa mezani ni kazi ya sekunde mbili. Ndizi, maharage na mchicha, ambavyo mjini huonekana chakula cha mwisho wa mwezi, ndivyo vyenye potasiamu.

Kwa upande wa mazoezi, kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki kunatosha kwa wengi, ila wengi hao hupanda bodaboda kwenda "hapo tu".

Shida ni kwamba presha haiumi. Kwa hiyo dawa huachwa mtu akijisikia vizuri, na kipimo huaminika kikipendeza tu. Jirani yangu alipimwa kwenye duka la dawa, akaambiwa 150 kwa 95, wakati mpaka wa kawaida ni 140 kwa 90. Akasema mashine yao mbovu, akaagiza chipsi.