Je, Wajua? Maneno ya Kazini, Kutoka Dzaleka hadi Lilongwe

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Kiswahili husikika humo kila siku kwa sababu ya Wakongo na Warundi wengi. Kuhusu maneno ya kazini, je, wajua kuwa:

• Motisha si mshahara. Mkimbizi anayefundisha au kusaidia zahanati kambini hupewa posho ya motisha, ambayo kwa kawaida ni ndogo kuliko mshahara wa mwajiriwa. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka pingamizi kuhusu haki yao ya kuajiriwa, hivyo kazi rasmi Lilongwe huhitaji kibali.

• Saa za ziada ni zile zinazozidi saa za kawaida. Sheria ya Ajira ya Malawi ya mwaka 2000 imeweka kikomo cha saa 48 za kawaida kwa wiki.

• Likizo ya mwaka ni mapumziko yenye malipo: siku 18 za kazi kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, 15 kwa anayefanya siku 5.

• Notisi ni taarifa ya mapema ya kuvunja mkataba. Mwajiri hawezi kukufukuza bila sababu halali, na kabla ya kukufukuza kwa kosa ni lazima akupe nafasi ya kujitetea.

Ndugu msomaji, soma mkataba kabla ya kutia saini: angalia cheo, malipo, saa na notisi. Kisha dai nakala yako uitunze.