Namba Zinazolinda Jasho la Mtunzi wa Programu

Ndani ya kompyuta inayotumika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, huenda mna kitu kilichochimbwa katika mkoa huohuo wa Maniema, nchini Kongo. Kasiteriti hutoa bati la kulehemea saketi. Koltani hutoa tantalumu ya kapasita. Madini huondoka mkoani katika magunia yenye lebo za namba, nazo mashine yanamoishia zimejaa namba pia. Namba hizo ndizo watunzi wa programu huzitumia ili kazi yao isinakiliwe ovyo.

Haja yao ni ya kweli. Programu ya hesabu za duka, ada za shule au kumbukumbu za wagonjwa humchukua mtunzi miezi. Kuinakili kwenye flashi ni kazi ya dakika chache. Flashi hiyo ikitoka Kindu ikapita Kasongo hadi Kabambare, mtunzi aweza kulipwa na mteja mmoja huku wengi wakitumia bure.

Programu inaitambuaje mashine yake? Kadi ya mtandao ina anwani ya biti 48: nusu ya kwanza kiwanda hupewa na taasisi ya IEEE, nusu ya pili hujipangia. Diski ina namba ya kiwandani, na ubao mama una kitambulisho cha biti 128. Programu huzisoma namba hizi na kuipitisha kila moja kwenye kanuni ya hesabu kama SHA-256. Badilisha tarakimu moja tu, matokeo yote hugeuka. Vipande vya matokeo hayo hupangwa kuwa msimbo mfupi, tuseme wa herufi 25, na huo ndio utambulisho wa mashine.

Mteja humtumia mtunzi msimbo huo. Mtunzi huutia saini ya kidijitali kwa ufunguo wa siri alio nao yeye peke yake. Programu ina ufunguo wa wazi, unaoweza kuhakiki saini lakini hauwezi kuitengeneza. Mahali ambapo intaneti ni ya kubahatisha, utaratibu huu ni habari njema. Saini ya aina ya Ed25519, iliyochapishwa mwaka 2011, ina baiti 64. Ikiandikwa kwa herufi na tarakimu za kawaida haizidi herufi 103, na SMS moja hubeba 160. Kwa hiyo mteja wa Nyangwe aweza kuruhusiwa kutumia programu yake kwa ujumbe mmoja wa simu.

Hata hivyo, namba ya mashine ni kama ile lebo ya gunia: inathibitisha jambo mradi tu haijahamishwa. Anwani ya kadi ya mtandao hubadilishwa kwa amri chache. Mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu, hunakiliwa pamoja na vitambulisho vyake vyote. Baadhi ya viwanda huacha nafasi ya namba kwenye ubao mama ikiwa na maneno yaleyale ya kujazia, hivyo mbao nyingi hufanana. Naye mjuzi aweza kuifungua programu yenyewe na kuondoa sehemu inayofanya uhakiki.

Kosa baya zaidi ni kumwadhibu mnunuzi mwaminifu. Kompyuta nyingi kwetu hufika zikiwa zimekwisha kutumika, huendeshwa kwa sola au jenereta, na fundi hubadilisha diski leo, kesho ubao. Programu inayodai namba zote zilingane itamfungia nje muuguzi aliyelipa, wakati wagonjwa wanamngoja. Microsoft ililiona tatizo hili ilipotoa Windows XP mwaka 2001: mfumo wake ulipima sehemu kumi za kompyuta na kuvumilia mabadiliko machache. Ndiyo maana kila namba hupitishwa kwenye kanuni peke yake: programu ikisoma namba tano, tatu zikilingana, mlango ubaki wazi.

Kuna pia suala la faragha. Mwaka 1999 Intel iliweka namba ya biti 96 ndani ya prosesa ya Pentium III. Watetezi wa faragha walipinga vikali wakihofu watu kufuatiliwa, na kampuni ikaiondoa namba hiyo katika prosesa zilizofuata. Kongo nayo, tangu Machi 2023, ina Sheria ya Dijitali inayolinda data binafsi. Mtunzi akusanye kile tu kinachohitajika kutoa ruhusa, na amwambie mteja anachukua nini.

Kijana unayeandika programu Kasongo au Kindu, linda kazi yako, kwa maana ni jasho lako. Lakini ijaribu kwanza kwenye mashine iliyobadilishwa diski, isiyo na intaneti. Ikimkataa aliyelipa, bado haijawa tayari kuuzwa. Nawe msomaji unayepewa nakala ya bure, mlipe mtunzi. Bila malipo hayo hakutakuwa na mtu wa kuirekebisha programu hiyo mwakani.