Pini za Kofia: Pambo Lenye Ncha Kali

Wasomaji wengi wamepata kuona picha za mabibi wa Uingereza na Marekani wa miaka ya 1900 hadi 1914, wamevaa kofia pana mno zenye manyoya ya ndege na maua ya kitambaa. Je, kofia kubwa namna hiyo ilikaaje kichwani wakati wa upepo? Ilishikwa na pini.

Hapo kwanza mabibi walifunga kofia kwa utepe chini ya kidevu. Mtindo huo ulipopita, pini ndefu za chuma zikachukua kazi ya utepe, nyingine zikipita urefu wa inchi 10. Vichwa vyake vilipambwa kwa kioo au fedha. Charles Horner wa mji wa Halifax, Uingereza, alijulikana sana kwa pini za fedha.

Namna ya kuvaa ni hii. Kwanza nywele hufungwa fundo juu ya kichwa, kwa kuwa kinachoshikwa na pini ni nywele. Kisha pini huchomwa ubavuni mwa kofia, hupita katikati ya fundo bila kugusa ngozi, na hutokeza tena nje ya kofia. Pini ya pili huchomwa kutoka upande mwingine, zipate kupishana; maana pini moja peke yake huiacha kofia izunguke.

Lakini ncha zile zilijeruhi nyuso na macho ya watu katika magari ya abiria. Kwa hiyo mwaka 1910 Baraza la Mji wa Chicago lilikataza ncha kutokeza zaidi ya nusu inchi, na faini yake ilikuwa dola 50. Wanawake waliopinga walisema kwamba pini ndiyo silaha yao mbele ya wanaume wasio na adabu, na kwamba yafaa njia zifanywe salama kwanza.

Katika miaka ya 1920 wanawake wengi walikata nywele, wakavaa kofia ndogo zenye kubana kichwa, na pini ndefu zikakosa kazi.

Basi, mwenye kuvaa pini ya kale leo na aitazame kwanza kama ina kutu au imepinda. Akiisha kuivaa, aivike ncha kifuniko chake kidogo, asije akamdhuru jirani yake.